Meza Moja na Mama Jailos

Tokyo, Japani
12 Julai 1958

Kwa dada yangu Tupokigwe,

Nakusalimu kutoka mbali, mbali kiasi kwamba nikiuona mwezi nauliza kama ni ule ule wa kwetu. Mimi mzima, ila jasho. Natumaini wewe, shemeji Danieli na watoto hamjambo, na baridi ya Iringa haijawafungia ndani. Mama nilimwacha Iyunga ana nguvu zake. Alisema nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu yeye husomewa na jirani, na jirani husoma akiruka.

Unajua kwamba aliyechaguliwa Mbeya kuja kwenye mkutano huu wa walimu wa shule za Jumapili ni Mwalimu Fanueli, akaugua, nikasukumwa mimi dakika za mwisho. Upande wa Iringa wamemleta Mama Jailos, mjane wa marehemu Mwalimu Kalinga. Bila shaka unamfahamu, mnasali kanisa moja. Katika umati huu wote ni mimi na yeye tu tunaosema Kiswahili, basi tumekuwa kama watu waliofungwa kamba moja. Mkutano ukiisha, makanisa ya huku yatatutembeza miji mingine mpaka Septemba.

Sasa nikueleze habari za kula. Hapa jioni hatupikiwi. Tunatoka wenyewe mjini kutafuta hoteli ya chakula. Kila hoteli ina dirisha la kioo, na ndani yake vyakula vimepangwa katika sahani, vinang'aa. Siku ya kwanza Mama Jailos alitazama akasema, "Mwanangu, hiki kimepoa tangu asubuhi, kitatuumiza tumbo." Kumbe ni nta tupu. Unaonyesha kwa kidole, nawe unaletewa kilicho cha kweli. Wali wao unashikana, si kama wa Rujewa unaochambuka, lakini ukizoea unaupenda.

Siku hiyo nilichukua bakuli langu nikaenda kukaa meza ya pembeni, nikiutazama ukuta, kama nilivyolelewa. Mama wa watu kuniona natafuna, niliona haya. Akaniita mbele ya hoteli nzima: "Wewe mtoto wa Mbeya, utakula na ukuta? Njoo hapa." Nikaenda. Tangu hapo tunakula meza moja, uso kwa uso. Usimwambie Mama.

Na lile jambo nililokuachia, la kunitafutia mchumba huko kwenu, limefika wapi? Uliniambia umempata, hukuniambia ni nani.

Mimi mdogo wako,
Asukile

*

Iringa
27 Julai 1958

Mdogo wangu Asukile,

Barua yako imefika, stempu yake nzuri imegombaniwa na watoto mpaka ikachanika. Hatujambo. Watoto wana kikohozi cha baridi, asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda. Shemeji yako ana kazi ya mabenchi ya kanisa, nyumba nzima imejaa maranda, hata kwenye mboga yamo. Mama ameniletea ndizi kwa basi la Relwe, zilifika zimeiva na nusu zimeliwa na mtu asiyejulikana.

Kwa hiyo unakula na mama wa watu meza moja. Mama yetu akisikia ataweka mikono kichwani. Mimi sisemi kitu. Mko ugenini, na ugenini mtu hula kama wanavyokula. Lakini kaa vizuri. Usiseme na chakula mdomoni. Usiangushe mifupa mezani kama ufanyavyo kwangu. Mama Jailos ni mtu gani ukimwona kwa karibu? Anakuonaje? Amewahi kusema lolote juu yako? Nauliza tu.

Jambo lako liko jikoni, halijaiva. Neno nililipeleka kwa wazee wa binti tangu Mei, kabla hata hujaitwa kwenye safari, na wazee hawajajibu. Jina sikutajii. Watu wa huku, jina la binti likitajwa kabla ya jibu, wameaibishwa. Usiniulize tena mpaka nitakapokuandikia mwenyewe.

Ukipata kitambaa kizuri, nikumbuke.

Dada yako,
Tupokigwe

*

Kyoto, Japani
17 Agosti 1958

Dada Tupokigwe,

Barua yako imenikuta hapa Kyoto. Niliinusa kabla ya kuifungua, nikasikia moshi wa jikoni kwako, au labda nilijidanganya kwa hamu. Poleni na kikohozi. Kitambaa nimekipata, cha buluu, kina maua meupe.

Mji huu umezungukwa na milima kama Mbeya, na joto limelala bondeni halitoki. Mchana nyenje hulia mitini mpaka anayesema nawe akusogelee. Tunatembezwa katika nyumba za ibada zao, kubwa, za mbao iliyopauka kwa uzee. Tunavua viatu na kukaa kwenye sakafu yenye ubaridi. Juzi tulikaa mbele ya bustani isiyo na mmea, mawe tu na mchanga uliochanwa kwa reki. Kimya kilikuwa kizuri, nikahisi kama nimesinzia macho wazi. Kivuli kilihama kutoka jiwe hadi jiwe. Mama Jailos akanong'ona, "Huyu aliyechana mchanga huu, mkewe hamtumi kazi nyingine?" Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Jioni ndiyo yenyewe. Wenye hoteli hujenga majukwaa ya mbao juu ya mto. Unakaa kwenye mkeka, maji yanapita chini yako, taa za karatasi zinatikisika, unaletewa samaki aliyechomwa mzima kwa chumvi. Baadaye barafu iliyoparuzwa na kumiminiwa sharubati nyekundu. Nilitazama taa zikivunjika majini nikasahau kabisa kwamba ninalo darasa Iyunga na paa lake linavuja.

Mwenyeji wetu, Bi Haruko, ametufundisha kula tambi. Zinaliwa kwa vijiti viwili, na lazima uzivute kwa kelele, kwa sababu ukila kimya mpishi hudhani hukupenda. Mama Jailos ndiye aliyenikata jicho kule Tokyo kwa kutafuna mdomo wazi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akavuta. Sauti ilijaa chumba. Mpishi alitoka nyuma akamwinamia. Tangu siku hiyo hatuna adabu tena, tunavuta kwa kupokezana, mimi kisha yeye, mpaka bakuli zinakauka.

Akila hupenda kunisimulia habari za binti yake wa mwisho, Esta. Kwamba utotoni aligoma kula kitoweo kwa sababu kuku aliyechinjwa alikuwa na jina. Kwamba kwaya ikikosea yeye husimama, na mwalimu wa kwaya apende asipende wataanza upya. Usiku nikilala najikuta namfikiria mtu ambaye sijamwona. Usije ukadhani lolote, nimesema tu.

Jana jioni watu wa hapa waliwasha mioto mikubwa milimani, mji mzima ukatoka kutazama. Bi Haruko alisema kila mwaka wakati wa joto wafu huja kutembelea nyumba zao, na kwa mioto ile wanasindikizwa kurudi. Nilimwambia Mama Jailos kwamba mlima wetu Loleza nao huwaka hivi mwezi wa tisa watu wakichoma nyasi. Alikuwa analia polepole, bila kuficha. Akasema, "Marehemu hakuwahi kula nami meza moja. Nilikuwa namtengea, narudi jikoni. Sikujua kwamba anatafuna upande mmoja mpaka jino lilipomlaza. Jailos naye alipokua akaenda kula na baba yake. Wewe mtoto ndiye mwanamume wa kwanza niliyemtazama akila mpaka akashiba."

Nilimkamatia upepeo wake wa karatasi akajipangusa.

Keshokutwa tunaelekea Nara, kisha Osaka.

Asukile

*

Iringa
20 Agosti 1958

Mdogo wangu Asukile,

Barua yako nyingine sijaipata bado, lakini hii haiwezi kungoja. Kwanza ya nyumbani: watoto wamepona. Mbuzi amezaa. Shemeji yako amejikata kidole gumba kwa patasi, damu ilitapakaa kwenye benchi la kanisa, na sasa anajidai mgonjwa anataka uji wa maziwa. Mama hajambo.

Sasa kaa chini. Jumapili wazee wa binti wamejibu, na wamekubali. Binti mwenyewe ameulizwa na amekubali pia, ingawa aliuliza maswali mengi kuliko wazee. Jina lake ni Esta. Ni mtoto wa Mama Jailos.

Usinikasirikie kabla hujanisikia. Neno nililipeleka Mei kwa Mzee Silvester, kaka wa marehemu Kalinga, kwa kuwa huku mambo haya huanzia kwa ndugu wa baba na mama wa binti huambiwa mwisho. Juni Mwalimu Fanueli akaugua, nikasikia wewe na Mama Jailos mko safari moja. Ningesema, wewe ungekataa kwenda, naye angekataa, na safari ile hampati tena maishani. Nikanyamaza. Nikajisemea kwamba Mzee Silvester hajajibu, basi hamjawa wakwe.

Sasa mmekuwa. Unajua mwenyewe, kwetu sisi na kwa hawa wenyeji wangu mambo ya mkwe ni mamoja. Tangu siku unayosoma barua hii huli naye. Humtazami usoni. Mkikutana njiani unampisha. Najua mko wawili tu na lugha yenu, lakini mwombe mwenyeji wenu wa huko akae naye. Ukiendelea kula naye huku unajua, Mzee Silvester akipata habari atasema tumemdharau, na Esta humpati.

Esta amesema naye leo anamwandikia mama yake. Tutakwenda posta pamoja.

Dada yako,
Tupokigwe

*

Osaka, Japani
6 Septemba 1958

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu. Kwanza pole nyingi zimfikie shemeji Danieli kwa kidole chake, patasi si kitu cha kuchezea, na uji wa maziwa anastahili. Nimefurahi watoto wamepona.

Kutoka kwako sijapata barua tangu ile ya Julai. Nadhani posta ya huku imelemewa na joto. Mama Jailos naye anasema hajapata kitu kutoka nyumbani. Hatuna habari yoyote, tunaishi tu.

Nara kuna paa wasioogopa watu, wanakufuata mkononi wakitaka biskuti. Mmoja alikula kona ya kanga ya Mama Jailos, naye akamwachia akisema, "Kula, nawe ni mgeni wa Mungu." Hapa Osaka watu ni walaji kupita wote. Mitaani usiku kuna taa nyekundu na za kijani zinazoandika zenyewe hewani, na kila mlango ni harufu. Kuna maandazi madogo ya mviringo yenye pweza ndani, yanaunguza ulimi. Kuna mkate wa kabichi unaopikwa mezani pako kwenye bamba la chuma, nawe unaugeuza mwenyewe. Mama Jailos aliugeuza kwa mkono mmoja, wapishi wakampigia makofi.

Tumekuwa walafi. Zamani tulikula jioni tu pamoja. Sasa ni asubuhi, mchana na jioni, na hata tukishiba tunaagiza chai tuendelee kukaa. Hatuongei sana. Jana mvua ilinyesha tukabaki kwenye hoteli moja ndogo mpaka mwenye nyumba akaanza kuinua viti. Mama Jailos aliichovya ncha ya kijiti kwenye chai iliyomwagika, akachora mezani barabara ya kwetu, hapa Iringa, hapa Mbeya. Katikati akaacha wazi. Akaitazama mpaka ikakauka.

Hajanisimulia habari za Esta siku hizi. Nami simuulizi.

Tunaondoka baada ya wiki mbili kwa ndege. Nitateremka Iyunga mwisho wa mwezi.

Asukile

*

Iringa
24 Septemba 1958

Asukile,

Hatujambo wote. Hii nimeituma Iyunga ikungoje.

Kidole cha shemeji yako kimepona. Alifurahi kwa pole yako. Aliisoma mara ya pili, ndipo akaniuliza, "Huyu mdogo wako kidole changu alikijuaje, kama barua hajapata?"

Nakujua tangu nakubeba mgongoni. Ungeweza kudanganya kila kitu, lakini kuacha kumpa mtu pole hukuweza. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mzee Silvester ananiuliza kila Jumapili mnaishije huko, nami nasema vizuri. Unataka niseme nini?

Nijibu kwa kweli. Unamtaka Esta au humtaki?

Tupokigwe

*

Iyunga, Mbeya
8 Oktoba 1958

Dada Tupokigwe,

Nimefika salama, Mama hajambo, na Loleza unawaka usiku kama nilivyomwambia yule mama. Nimekaa nje nikiutazama hadi Mama akanifuata na blanketi. Anadhani nimerudi na homa.

Ni kweli, barua yako niliipata Osaka. Niliisoma nikiwa nimesimama posta. Furaha ilikuja kwanza, nikushukuru kwa hiyo, maana Esta nilikwisha kumpenda kwa masimulizi tu kabla sijajua ni wangu. Halafu nikakumbuka kwamba Mama Jailos ananingoja ng'ambo ya barabara, amekwisha chagua dirisha. Niliitia barua mfukoni nikavuka. Nilisema kesho. Kila siku nilisema kesho.

Naye alikuwa na barua ya Esta. Ziliingia posta pamoja, zikafika pamoja. Hakusema, nami sikusema. Nilijua kwa hakika siku ya mwisho. Tulikula tambi asubuhi kabla ya kwenda uwanja wa ndege, akazivuta kwa kelele kama kawaida, mimi kisha yeye. Alipomaliza aliweka vijiti sambamba juu ya bakuli, akanitazama usoni vizuri, kwa muda. Kisha akavuta kanga akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akainuka, akatoka. Nje alitembea nyuma yangu. Kwenye ndege alimwomba mzungu mmoja wabadilishane viti. Kutoka Dar es Salaam alikaa mwisho wa basi na mimi mbele. Iringa aliteremka bila kugeuka. Msichana mrefu alikuja kumpokea mzigo, akaangalia basi, akaniona. Nadhani ndiye.

Unaniuliza namtaka au simtaki. Namtaka. Nikimkataa nawapoteza wote wawili, hilo nimelipima. Lakini, dada, acha nikuambie wewe peke yako: nina huzuni. Nakula hapa kibandani peke yangu nikiutazama ukuta, na chakula hakina ladha. Najua mkwe ni heshima. Heshima hii imeninyang'anya mtu niliyezoea kumwona akicheka na chakula mdomoni.

Mwambie Mzee Silvester nitakuja Novemba na wazee kujitambulisha.

Ndaga, asante kwa yote,
Asukile

*

Iringa
30 Novemba 1958

Mdogo wangu Asukile,

Natumaini mlifika salama wewe na wazee, na basi halikuwalaza njiani. Huku mvua imeanza, shemeji yako anapanda mahindi, watoto wanakuulizia. Mzee Silvester amesema wewe ni kijana mtulivu.

Nakuandikia kwa sababu kuna lililotokea nyumbani kwangu Jumamosi ambalo usingeweza kuliona ulipokaa, nami nimeshindwa kulala nalo.

Ijumaa Mama Jailos alikuja jikoni kwangu na unga wa ngano. Aliukanda, akausukuma kwenye meza ya useremala ya Danieli, akaukunja, akaukata kwa kisu mistari myembamba. Nikamwuliza, mama, hii ni chapati gani. Akasema, "Subiri." Kumbe siku nyingi kabla alimwagiza Danieli amchongee vijiti vinne vilivyonyooka, na Danieli akavipiga msasa bila kujua vya nini. Alidhani ni vya kufumia.

Jumamosi ulipokaa sebuleni na wazee, ni Esta aliyekuletea lile bakuli na vijiti viwili. Wazee wako walipata ugali wao na kuku, wakakuonea huruma. Mama Jailos alikuwa jikoni, kwenye kigoda, mgongo wake kwenye ukuta huo huo uliouegemea wewe. Bakuli lake lilikuwa mapajani. Hakuligusa. Alikuwa anasikiliza.

Uliliangalia bakuli muda mrefu, Esta ameniambia. Halafu ukavuta. Ile kelele, Asukile. Mzee Silvester alikohoa kwa aibu, shemeji yako akatazama dari. Nilitamani ardhi inifiche, nikafikiri, huyu mdogo wangu ametuaibisha mbele ya wakwe.

Jikoni, Mama Jailos alifumba macho. Akainua vijiti vyake, akavuta kama wewe, kwa nguvu, mpaka mchuzi ukaruka kwenye kanga. Ukavuta tena. Akavuta tena. Mlikwenda hivyo, wewe kisha yeye, na mimi nimesimama katikati na mwiko mkononi, sijui nicheke au nitoke. Najua sebuleni mlisikia. Wazee waliangalia sahani zao. Hakuna aliyeona mtu, basi hakuna mwenye la kusema.

Alipomaliza aliweka vijiti sambamba juu ya bakuli. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Ameshiba?"

Nilikwenda mlangoni nikachungulia. Ulikuwa umeegemeza kichwa ukutani, umefumba macho.

Nikarudi nikamwambia, "Ameshiba, mama."

Dada yako,
Tupokigwe